Duka la sigara za mkono Kololo: nunua za Nikaragua

Anayeingia katika duka hili dogo la sigara za mkono (cigar, zile nene za majani matupu ya tumbaku) la Kololo, Kampala, haoni sigara hata moja, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuzipanga mbele ya wanunuzi. Makabati yamefungwa, na mteja, ambaye kisheria hapaswi kuwa chini ya miaka 21, hana budi kumtegemea muuzaji. Hapo ndipo duka hili linapostahili sifa. Dada aliyenihudumia alifungua kabati la mbao, akanionyesha kwanza kipima unyevu kilichosoma asilimia 67, kisha akasema, "Mzee, hizi zikikauka zinapasuka, zikilowa zinaota ukungu." Naam, sigara iliyoviringishwa kwa mkono hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na yapo maduka mjini yanayoitunza droo moja na biskuti.

Za Kuba zipo, ila bei yake haishikiki. Niligeuza kasha nikakuta chini yake maneno "Hecho en Cuba" yaliyochomwa kwenye mbao, pamoja na muhuri wa kijani wa serikali, nikaridhika. Lile lenye kifuniko cha kioo, ambalo watalii huuziwa sana, ni la bandia.

Hata hivyo, pesa yangu niliitoa kwa za Nikaragua. Serikali ya Fidel Castro ilipotaifisha viwanda vya sigara mwaka 1960, wakulima na mafundi wengi waliihama Kuba wakiwa na ujuzi wao, wakaanza upya Nikaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika. Na Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za Kuba mwaka 1962, soko likawa lao. Niliyoivuta, ya majani ya Estelí, eneo la tumbaku huko Nikaragua, ilikuwa na jani la nje la hudhurungi lenye mng'ao wa mafuta, bila mshipa uliotuna. Ilianza kwa ukali wa pilipili manga, ikatulia katika ladha ya kakao, na jivu lake likashikamana hadi upana wa vidole viwili. Moshi huu hauvutwi mapafuni, lakini nikotini hupenya hata kinywani, na saratani ya kinywa haimbagui mvutaji wa sigara ghali. Asiyekula kwanza atapata kizunguzungu.

Wapo wanaouliza kwa nini hakuna jani la West Nile au la Bunyoro. Tumbaku yetu hulimwa zaidi kwa ajili ya sigara za kawaida, ilhali jani la sigara za mkono hukaushwa kwa hewa bandani, kisha hurundikwa lichachuke kwa miezi mingi ili joto la rundo liondoe amonia na ukali.

Kasha la sigara tano lilinigharimu shilingi 350,000, nikafungiwa vizuri katika mfuko usiopitisha hewa. Kikatio cha plastiki wanachouza ni butu, kilifumua jani la ncha, beba chako.