Chaji ya gari Njiro, 3,000 kwa saa: inalipa au hailipi?

Wenye gari za umeme hapa Arusha mmekuwa mnauliza sana ile sehemu ya kuchajia kwenye parking ya hoteli moja kule Njiro (jina naliacha), basi mi nimeshachajia pale vya kutosha, acha niwape hali halisi.

Huduma safi kabisa. Kivuli kipo, mlinzi yuko macho, choo kisafi, waifai inakimbia. Shida ni bei, tena sio ukubwa wake, ni jinsi wanavyoipiga. Wanakutoza kwa saa, 3,000, uniti hawahesabu kabisa.

Sasa angalia. Mi nina Nissan Leaf ya zamani ya Japani, ile ya betri ya uniti 24, na chaja yake ya ndani inavuta kilowati 3.3 basi, kwenye chaji ya kawaida kama hii haizidi hapo. Kwa hiyo kwa saa napata uniti 3.3, yani kila uniti inanitoka 900 na kidogo. Anakuja jamaa na gari inayovuta 6.6, analipa 3,000 ileile anaondoka na mara mbili yangu, yeye uniti inamtoka kama 455. Aisee! Na ukija na Leaf ya Japani bila adapta ndo utalia, maana plagi yao ni Taipu 2 na ya kwako Taipu 1, watakupeleka kwenye soketi ya ukutani utumie waya wako wa ampea 10, hapo unavuta kilowati 2.3 hivi na uniti inafika 1,300. Halafu betri ikikaribia kujaa gari yenyewe inapunguza kuvuta, saa ya mlinzi haipunguzi.

Nyumbani je? Kwenye LUKU tarifu ya kawaida uniti ni 292, ukiweka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (wadhibiti wa nishati) inakuwa 356. Wale wa tarifu nafuu ya watumiaji wadogo, mnaokula umeme wa 9,150 mkapata uniti 75 za mwezi, msijidanganye, ukianza kuchaji gari 75 haifiki hata katikati ya mwezi, utatolewa huko urudishwe kwenye tarifu ya kawaida kama sisi wengine. Mpangaji mwenye mita ya kushea ongea na wenzako mapema, au weka submita, la sivyo mtagombana.

Tupige kwa kilomita sasa. Tuseme km 5 kwa uniti, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, na kile kilima cha kurudi toka Moshi (kwenda mteremko betri haishuki sana, kurudi kuanzia Boma Ng'ombe kuja juu unaiona inavyoisha). Nyumbani ni kama 71 kwa kilomita. Njiro kwa gari yangu 182. Njiro kwa soketi ya ukutani 260. Toyota IST ya petroli inayokwenda km 14 kwa lita, na petroli tuiweke 3,000 kurahisisha hesabu maana EWURA wanaibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ni 214. Umeona? Kuna namna ya kuchajia pale ambayo mwenye IST anakucheka kabisa, na bado hujanunua kahawa ya kusubiria, na kahawa yao sio ya bei ya soko la Kilombero hapa mjini.

Umeme ukikatika wanawasha jenereta na bei inapanda, hapo mi huwa nachomoa naondoka.

Niliwaambia waweke mita ndogo watoze kwa uniti, hata wakisema 600 nalipa bila kununa kwa sababu na wao wana gharama zao, ile mashine hawakuokota. Meneja alinisikiliza vizuri tu, ila bei bado ni ya saa.

Kwangu mimi pale ni pa dharura, nimetoka Moshi na Usa River nimeona betri iko chini, naingia nachaji kwa muda wa saa moja, nafika nyumbani. Nyota tatu kati ya tano. Wenye BYD na hizi gari mpya zinazovuta 6.6 au 7, kwenu ni bei nzuri nendeni tu, ila pigeni simu kwanza, plagi ni moja na wikiendi inashikwa na wageni wa hoteli.