Konekta za WAGO 221 ndani ya boksi la rilei

Kazi yangu ni kuunda mashine za kutotolesha vifaranga hapa Morogoro, na boksi la umeme la kila mashine nalifunga mwenyewe. Konekta za WAGO 221 ni zile ndogo za plastiki angavu zenye vilimi vya rangi ya chungwa, zinatoka Ujerumani. Nazisifia kwa jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita haraka: kuugawa waya mmoja wa moto uende kwenye rilei sita, yaani swichi zinazowashwa na kidhibiti kwa umeme mdogo.

Fungua boksi lolote lililoletwa kwa matengenezo. Mara nyingi rilei ni nzima na kidhibiti joto ni kizima, lakini pale nyaya za moto zilipokutana pameungua. Ama zimesokotwa pamoja zikaviringishwa tepu nyeusi, ama moto umerukishwa kutoka COM (tundu la kuingizia moto) ya rilei ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, nyaya mbili zikibanwa chini ya skrubu moja. Ile skrubu ya kwanza inabeba mzigo wa rilei zote.

Zipo pia konekta za skrubu zinazouzwa kwa mstari wa matundu kumi na mawili, unakata unayotaka. Kwa taa ya sebuleni zinatosha. Kwenye mashine ya kutotolesha feni inatetemesha boksi usiku na mchana kwa siku 21, na hita inawaka na kuzima muda wote, kwa hiyo waya unapata joto na kupoa, na skrubu inalegea kidogo kidogo. Kiungo kilicholegea kikifikia ukinzani wa omu 0.5 tu huku kikipitisha ampea 5, kinatoa wati 12.5 za joto ndani ya kipande kidogo cha plastiki. Plastiki inayeyuka, hita inakatika, na mayai yanayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5 yanapoa mwenye mashine akiwa amelala. Vifaranga wakifia ndani ya mayai hakuna fundi wa kuwarudisha, ndiyo maana sikubali ubahili sehemu hii.

Ndani ya WAGO kuna springi badala ya skrubu. Unachuna waya milimita 11, unanyanyua kilimi, unaingiza, unakibonyeza chini. Springi inaendelea kuukaba waya hata ukitetemeka. Inapokea waya wa nyuzinyuzi kuanzia milimita za mraba 0.14 hadi 4, na ule mgumu pia, bila kutia risasi kwenye ncha. Kwa viwango vya Ulaya inabeba ampea 32 na volti 450, na inavumilia joto la mazingira mpaka nyuzi 85. Kwa kuwa mwili wake ni angavu, unaona kama shaba imefika mwisho wa tundu.

Mpangilio wangu uko hivi. Moto unatoka kwenye breka ya ampea 10 na kuingia 221-415, yenye matundu matano. Matundu matatu yanakwenda kwenye COM za rilei tatu, la tano linavuka kwenda 221-415 ya pili, ambayo inalisha rilei tatu zilizobaki na kuacha tundu moja la akiba. Kila rilei ina waya wake, hakuna kurukisha. Nyutro ina jozi yake, inakwenda moja kwa moja kwenye hita, feni na mota ya kugeuza mayai bila kupita kwenye rilei. Ethi nayo ina yake, kwa waya wa kijani na njano, na bati la mashine lazima liunganishwe nayo.

Upande wa volti 5 nao unataka kugawiwa kwa akili. Koili ya rilei ndogo ya bluu hula karibu miliampea 70, hivyo sita zikivuta pamoja ni zaidi ya 400. Usizitoe kwenye pini ya Arduino, ile bodi ndogo ya kudhibiti. Weka pawa saplai yake ya ampea 2, ondoa kile kijampa cha JD-VCC kinachounganisha umeme wa koili na ule wa bodi ya kudhibiti, na nyaya hizi zipite mbali na za volti 230. Halafu ile ampea 10 iliyoandikwa kwenye rilei isikudanganye: pampu ya maji ya hospawa moja iendeshwe na kontakta (rilei kubwa ya mizigo mizito), rilei iwashe koili ya kontakta tu.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Konekta hizi hazikai zenyewe kwenye reli ya DIN, ule ukanda wa chuma wa kupachikia vifaa ndani ya boksi; vishikilio vyake vinauzwa kivyake, na madukani kwetu havipatikani kirahisi, kwa hiyo nazifunga kwa zipu tai zisining'inie. Na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya skrubu. Kwa boksi lenye rilei zaidi ya nane ningenunua teminali za reli za springi, zenye vichana vya kuunganishia, kazi inakuwa safi zaidi.

Kariakoo utakutana na zinazofanana nazo kwa rangi, hazina jina. Shika moja, tafuta neno WAGO na viwango vilivyochapwa mwilini, nyanyua kilimi uone kama kinarudi kwa nguvu. Kikiwa kilegevu, irudishe kaunta.