Uzoefu wangu na santuri ya Illmatic ya Nas, nimeisikiliza na mzee wangu

Wadau habari zenu. Mwaka huu nimejinunulia Illmatic, albamu ya kwanza ya Nas, rapa wa New York, santuri kabisa ile ya plastiki nyeusi sio CD, na baada ya kukaa nayo kama miezi mitatu nimeona niandike kwa anayefikiria kuinunua, maana ni hela nyingi na watu wengi wanauliza kama kuna tofauti na kusikiliza kwenye simu. Kwangu mimi tofauti ipo tena kubwa, ila sio ile niliyotegemea.

Niseme kwanza nimetoka wapi. Hii albamu niliipata mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili pale Tanga, kanda ya kudurufu, aliyedurufu aliandika NAS kwa kalamu ya bluu basi, hakuna majina ya nyimbo hakuna nini. Na alikuwa anakata mwisho wa kila wimbo ili zote zienee na abakize nafasi ya nyimbo nyingine za kwake, kwahiyo miaka yote ile nlikuwa najua nyimbo za Nas zinaisha ghafla ndio staili yake. Baadaye nimesoma kwamba hata kwao New York kanda za wizi zilizagaa mtaani kabla albamu haijatoka rasmi tarehe 19 Aprili 1994, nikasema kumbe hatukuwa peke yetu.

Bei: santuri pamoja na kusafirishwa mpaka Dar ilinitoka kama laki moja na thelathini. Muuzaji alichelewa sana na alifunga vibaya, kona moja ya jalada imekunjika, nilimuandikia hakujibu. Ushauri wangu, kabla hujalipa mwombe muuzaji aweke maboksi mawili, na ulizia gharama zote za kupokea mzigo huku. Sahani yenyewe ilifika salama haina mkwaruzo.

Mashine ya kuchezea ni ya mzee. Mzee wangu alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi miaka ya sabini, na santuri zake bado anazo kwenye sanduku la mbao, nilichofanya ni kutafuta sindano mpya maana ile ya zamani ingeichana hii sahani. Kama huna mashine usinunue santuri kwa ajili ya kuipamba ukutani, nunua CD au sikiliza mtandaoni, nyimbo ni zilezile.

Sasa jalada. Ile picha ya mtoto mwenye macho mazito, uso umeingia kwenye majengo ya mtaa, ni Nas mwenyewe akiwa na miaka saba na picha alipigwa na baba yake. Majengo ni Queensbridge, Queens, kota za umma kubwa kuliko zote Marekani, ndipo alipokulia. Na santuri haina upande A na B, upande mmoja umeitwa 40th Side North na wa pili 41st Side South, yaani pande mbili za mtaa wake, nyimbo tano huku tano kule. Kwenye kanda yangu hilo ningelijulia wapi? Ukimaliza upande wa kwanza unanyanyuka, unageuza sahani, ni kama umevuka barabara umeingia upande wa pili wa kota. Nimelipenda sana hilo, na kwenye simu linapotea lote.

Jumla ni dakika kama 40 tu, na ule wa kwanza ni utangulizi kwahiyo nyimbo kamili ni tisa. Wengine wataona ni fupi kwa bei hiyo. Mimi naona ndio uzuri wake, dogo wa miaka ishirini hakuweka cha kujazia, labda ule wa nane ndio naona uko chini ya wenzake. Maprodyuza ni DJ Premier, Pete Rock, Large Professor, Q-Tip na L.E.S., enzi hizo rapa alikuwa anafanya albamu nzima na prodyuza mmoja au kundi lake, huyu akakusanyiwa mafundi wa New York kila mmoja na mkono wake. Sikiliza N.Y. State of Mind, piano ile ya Premier inavyozunguka, na kabla hajaanza unamsikia kabisa dogo anasema hajui aanzie wapi alafu anaanza na hashiki breki mpaka ubeti unaisha. Premier mwenyewe amesimulia kwamba ubeti huo wa kwanza aliurekodi kwa mara moja tu. Kwenye spika za zamani zile besi inatoka nzito ya mviringo, haichomi masikio.

Na maneno yake jamani. One Love ni barua anawaandikia washkaji walioko jela, anawapa habari za mtaani, nani kazaa, nani kageuka, yaani barua kweli kama tulizokuwa tunaandika sisi shule ya bweni. Huyu ni mtu aliyeacha shule darasa la nane. Mwaka 1992 rafiki yake wa karibu Ill Will alipigwa risasi akafa palepale mtaani na mdogo wake Nas naye akajeruhiwa. Ukijua hilo ndio unaelewa kwanini dogo wa miaka ishirini anaongea kama mzee aliyeshazika wengi. Mdogo wake huyo anaitwa Jabari, na Nas mwenyewe jina lake ni Nasir, ukisikia unaweza kudhani ni majirani zako wa Ngamiani pale Tanga. Tahadhari tu, matusi yapo tangu kwenye jina la wimbo wa tatu, usicheze watoto wakiwa sebuleni.

Wimbo huohuo wa tatu ndio sababu kubwa ya mimi kuandika hapa. Nlikuwa nacheza sauti ya chini, mzee yuko barazani, yeye hip hop hajawahi kuipenda anasema ni watu wanagombana. Ikafika mwisho, ile sehemu iliyokatwa kwenye kanda yangu, ikaingia koneti, ule mdogo wake tarumbeta, inapulizwa taratibu huku wimbo unafifia. Mzee akaja mpaka mlangoni akauliza nani huyo anapuliza. Nikamwambia sijui, hawa huwa wanachukua vipande vya santuri za zamani. Akasema hapana, huyo yupo na wenzake, anawasikiliza. Nikaanza kusoma majina nikamuona Olu Dara, mwanamuziki wa jazi kutoka Natchez, Mississippi. Baba mzazi wa Nas.

Nikamsimulia mzee kwamba huyo baba na mama walishaachana kijana akiwa bado mdogo, mama Fannie Ann aliyekuwa anafanya kazi posta ndiye akabaki na watoto kota, na bado kijana aliporekodi albamu yake ya kwanza akamuita baba aje apulize. Mzee hakusema kitu mda mrefu, alafu akaniambia rudisha sindano. Tumerudisha mara nne usiku ule.

Kuanzia hapo ikawa kila jumapili namletea kitu cha Nas. Hakuvipenda vyote. Ya 1996, It Was Written, ilishika namba moja Marekani ila aliona ina mapambo mengi, na zile mbili za 1999 hata mimi sizitetei. Ugomvi na rapa mwenzake Jay-Z wa 2001 nilimruka, sio wa kumchezea mzee. Lakini Bridging the Gap ya 2004, baba na mwana wanaimba pamoja, baba na bluzi zake mwana na rap, hiyo alicheza mguu. Na albamu ya 2010 na Damian Marley wa rege, wimbo wa kwanza wanajuliana hali kwa Kiswahili kabisa, mzee akaitikia pale kwenye kiti kama kaulizwa yeye. Tuzo ya Grammy Nas alikuja kuipata 2021 kwa albamu ya King's Disease, miaka 27 baada ya hii santuri, na mwaka huohuo Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza Illmatic kwenye hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Muziki naupa nyota tano, nilipopunguza ni kwa muuzaji tu. Kwa sasa santuri haikai chumbani kwangu, mzee ameitia kwenye sanduku lake la mbao na zile za bendi yake, nikiitaka namuomba.