Maski ya raba yenye filta mbili za vumbi za daraja la P100: inafaa kwa wakata greniti, ila hili joto!

Hii maski ya nusu uso nimeitoa hadwea moja hapo Mwembe Tayari, Mombasa, jamaa alianzia elfu nne tukavutana mpaka elfu tatu, na kwa kazi ya kukata kaunta za greniti na taili pesa yangu haikwenda bure. Zile za bluu za hospitali ambazo mafundi wengi wanavaa hazishiki uso, pembeni kumeachama vumbi linajipitia tu. Lile vumbi kubwa unaloliona kwa macho likiingia puani mara nyingi linakwama utapiga chafya yaishe, ubaya hasa uko kwa lile la chini ya maikromita 4 (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), hulioni kabisa na linashuka hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni.

Greniti ina silika bana, madini yale yaliyomo hata kwenye mchanga. Chembe zake zikigusa seli za njia ya hewa, zile seli zinatoa kemikali za kupigia kelele, saitokini, mfano IL-6 na IL-8, na IL-8 ndo inaita seli nyeupe za damu zije kwa wingi, basi njia inavimba kikohozi kinaanza. Halafu kuna makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza uchafu, ikimeza silika kile kijifuko cha kusagia ndani yake kinapasuka, kunawashwa kitu kinaitwa NLRP3, kama kengele ya hatari ya seli, saitokini nyingine IL-1β inamwagika, seli inakufa na chembe inatoka nzima vilevile, inamezwa na nyingine, mambo yanaanza upya. Miaka ikienda mapafu yanajaa makovu, ndo silikosisi hiyo, na haina dawa ya kuiponya. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliiweka silika kwenye visababishi vya saratani tangu 1997, lakini pita saiti za Nyali uone watu wamejifunga leso.

P100 inazuia angalau asilimia 99.97 ya chembe, N95, daraja la chini yake, ni 95, kwa hivyo tofauti ipo.

Sasa lawama. Kaskazi hii jasho linajaa kidevuni mpaka linachuruzika, na ukiwa na ndevu raba haishiki, mashekhe zangu mtanisamehe. Muuzaji naye ati filta nikaoshe na sabuni, wallahi nilimtazama tu, filta za vumbi hazioshwi, zikiziba ni kubadilisha, na za kubadilisha yeye hana! Nyota tatu na nusu, na hata ukiivaa bado mwagia diski maji ukikata.