Dawa ya macho iliyotengenezwa kwa damu yangu mwenyewe: nyota 4

Nianze na bei maana najua ndo mnachotaka, dola 210 kwa dawa ya miezi mitatu, bima imegoma kabisa eti haijapitishwa na FDA, wale wanaoidhinisha dawa Marekani, basi natoa mfukoni. Niko Texas, nina Sjögren, ule ugonjwa ambao mwili unapiga vita tezi zake wenyewe za machozi na mate. Macho yalikuwa kama yamejaa mchanga, asubuhi kufungua kope ni kulia bila machozi, na hapo sifanyi utani.

Daktari aliposema damu machoni nikajua huyu sasa kaingia kwenye uganga. Kumbe sio nyekundu wala nini. Wanakutoa damu mkononi, wanaiacha igande, wanaizungusha kwenye mashine mpaka yale maji ya njano yajitenge, ndo wanayachanganya na maji ya chumvi, yangu ni asilimia 20. Humo kuna vitamini A na vitu vya kuponya ngozi ya jicho kama vile vilivyomo kwenye machozi halisi, yale machozi ya dukani yanalainisha tu basi. Na sio kitu cha jana, wagonjwa wa Sjögren walishajaribiwa tangu 1984.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu nkataka kuacha. Ya nne nikaendesha gari usiku bila taa za mbele kunichoma, nikapaki pembeni nikacheka peke yangu.

Shida ni baridi. Haina kemikali ya kuzuia bakteria, kwa hiyo chupa zinakaa friza, unayotumia inakaa friji na siku zake zikiisha unatupa hata kama imebaki nusu. Mzigo wangu mmoja ulichelewa njiani ukafika umeyeyuka, vuguvugu kabisa, duka lenyewe silitaji, wakasema pole tunakutumia nyingine. Nyingine ipi jamani, damu si yangu? Nikarudi kuchomwa sindano upya, siku tisa nzima sina dawa. Nyota moja imeondoka hapo.

Desemba nilienda nazo Tanga kwenye kibegi cha barafu, umeme unakatika kila jioni mi roho juu juu. Siku ya pili shangazi kafungua friza, "We mwanangu, hivi vichupa vya nini humu na samaki wangu?" Nikamwambia ni damu yangu shangazi. Samaki wote wakahamia kwa jirani.