Kliniki ya kisukari inayoanza na futi

Nyota nne kati ya tano. Ingekuwa tano kama si mapokezi na ile karatasi yao ya chakula.

Mimi ni fundi cherehani hapa Magomeni, nina kisukari aina ya pili na kitambi cha siku nyingi. Kwingine nilizoea kutobolewa kidole, kuandikiwa vidonge vya sukari, metformini, kwaheri. Hawa kitu cha kwanza kutoa kwenye droo ni futi. Hiyo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilikaa macho. Sisi wanaume tunafunga suruali chini ya tumbo halafu tunatamba kiuno inchi 36; wateja wangu nawajua, huwa sibishani nao. Daktari hapimi pale. Anapapasa ubavu wa mwisho, anapapasa mfupa wa nyonga, anapitisha futi katikati, anakwambia toa pumzi. Sentimita 112. Wanataka mwanaume asifike 94, yaani kama inchi 37. (Nesi alikuwa amenipima kabla yake, juu ya fulana na futi ameivuta kwelikweli. Nikamwambia, dada, kwa kipimo hiki suruali itachanika siku ya harusi. Akacheka, akapima upya.)

Kisha nikaelezwa, taratibu, bila kuangaliwa saa. Mafuta yaliyozunguka ini na utumbo hayakai bure. Yakizidi humwaga kwenye damu kemikali za mchochota, ule ule ambao mwili huutumia kupambana na kidonda, ila huu ni wa chinichini, hauumi wala hauishi. Kemikali hizo zinavuruga kazi ya insulini: misuli inakuwa sugu, haipokei sukari ipasavyo, na ini linazidi kutengeneza sukari hata ukilala njaa. Kongosho linaongeza insulini mpaka linachoka. Akanishikia kioo nione nyuma ya shingo, ule weusi kwenye mikunjo ambao mke wangu amekuwa akiusugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Kumbe mara nyingi ni dalili ya insulini kujaa kwenye damu. Mama watoto niliporudi alinyamaza, halafu akaiomba radhi shingo yangu.

Nilitaka kulipia na kipimo cha mchochota, CRP, maana maabara za mtaani wanakinadi sana. Daktari akaikataa hela yangu. Akasema mafua tu yanakipandisha, na hakingebadilisha matibabu yangu. Badala yake akanikagua fizi, akakuta zinatoa damu, akanipeleka kwa daktari wa meno: fizi mbovu na sukari vinachocheana, na zikitibiwa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, hushuka kidogo.

Dawa yenyewe ni kupunguza tumbo. Alinitajia utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, uliotoa matokeo 2017: karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walikuwa wametoka kwenye kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Lakini wale walikuwa na ugonjwa usiozidi miaka sita. Mimi nimeshapita huko, kwa hiyo hakuniahidi kuacha vidonge, na kwa hilo nilimheshimu. Leo futi inasoma 104, HbA1c imetoka 9.1 hadi 7.4.

Sasa ubaya. Mapokezi wanaita majina kwa kunong'ona na feni inapiga kelele, ukisinzia zamu imepita. Karatasi ya chakula imeandikwa brokoli na samoni; nani Magomeni anakula samoni? Mtaalamu wao wa lishe akikaa na wewe mambo ni tofauti kabisa, anaongea dona, dagaa, mchicha, na ugali usiozidi ngumi yako. Sema yupo Alhamisi tu. Mwombeni huyo, karatasi iacheni mezani.

HbA1c ni shilingi 35,000, majibu siku hiyo hiyo. Bima yangu waliikataa, nikalipa taslimu. Pigeni simu kwanza.