Mkaguzi wa hatari ya moto wa nyika: nyota tano kwa kazi ya kiwanjani, mbili kwa ripoti

Kiwanja changu kimepakana na pori upande wa chini. Si pori la kutisha: miti, vichaka, na nyasi zinazonifika kiunoni kiangazi kikikolea. Msanifu alikuwa ameshamaliza kuchora, fundi ameshapiga vigingi na kuvuta kamba, na veranda ilikuwa inatazama bondeni, jambo ambalo kusema kweli ndilo lililonifanya ninunue pale. Mkaguzi wa hatari ya moto nilimwita kwa sababu benki ilitaka karatasi, basi. Nilijua atapiga picha nne, atagonga muhuri, tutaagana.

Kampuni yake siitaji, maana mbele nina ya kulalamika.

Alikuja kijana mmoja amevaa buti, mkononi kipimapembe kilichofungwa uzi na timazi, mgongoni mfuko umetuna kama wa mtu anayekwenda kulisha mbuzi. Mchoro nilioutandaza juu ya boneti hakuutazama. Aliteremka moja kwa moja hadi pori linapoanzia, akageuka, akaanza kupima kupanda kuja kwenye vigingi. Mita 24. Mteremko nyuzi 8. Ndipo akaomba mchoro, akauangalia kidogo, akasema, "Mama, hapa wamechora kama vile ardhi ni tambarare."

Mimi nilikuwa nafikiri kujenga juu ya pori ni salama kuliko chini yake, kwa akili ya mafuriko. Kwa moto ni kinyume. Moto unaopanda mlima ndimi zake zinalalia mbele, zinakausha na kupasha majani ambayo bado haujayafikia, na kwa kila nyuzi 10 za mwinuko kasi yake huongezeka takriban mara mbili. Pori lililo chini yako ndilo linalokutafuta.

Hesabu aliifanya papo hapo kwa kiwango cha Australia, AS 3959. Kinatazama mimea yote iliyo ndani ya mita 100 kutoka nyumba: ni ya aina gani, iko umbali gani, imekaa kwenye mteremko upi. Mwisho wake unapata makadirio ya joto litakaloupiga ukuta wako, kwa kilowati kwa kila mita ya mraba. Madaraja yanaanzia hatari ndogo kabisa, yanakuja 12.5, 19, 29, 40, halafu la mwisho, ambalo maana yake ndimi zenyewe zinakugusa. Ardhi ingekuwa tambarare, mita zangu 24 zingenipa 40. Kwa mteremko ule nilikuwa daraja la mwisho.

"Ukisogeza nyumba juu mita 17, unashuka hadi 29," akasema.

Fundi alicheka kile kicheko cha mtu aliyekwisha kupiga vigingi. Lakini tofauti ya madaraja hayo mawili si ya kwenye karatasi tu. Kwenye la mwisho kila dirisha, kila mlango na kila kiungo cha paa kinageuka shughuli ya kitaalamu, na vifaa vingine hata kuvipata ni mtihani. Kwenye 29 nilibaki na vitu ambavyo fundi wa kawaida anavijua: kuta za tofali, vioo vilivyotiwa nguvu kwa joto, wavu wa chuma kwenye kila tundu la hewa, na paa lisilo na mwanya. Kiwanja kilikuwa na nafasi upande wa barabarani. Nililala nalo usiku mmoja, asubuhi nikamwambia fundi ang'oe vigingi. Mandhari ya bondeni imebaki nusu. Nusu nyingine inazibwa na tangi la maji. Bado inaniuma kidogo kila ninapokunywa chai.

Sasa ule mfuko. Ulikuwa umejaa majani makavu. Kwenye kiwanja kulikuwa na kibanda cha stoo tulichokwisha kukijenga, na alasiri ile upepo ulikuwa unavuma vizuri. Aliyamwaga majani upande unaotoka upepo, akaniambia tukae tusubiri. Baada ya kama nusu saa tukazunguka kibanda. Kwenye pembe ya ndani karibu na mlango palikuwa na kichuguu kizima. Chini ya ngazi ya mbao, mengine. Akapanda, akaingiza mkono kwenye mfereji wa maji ya mvua, akatoka na konzi ya majani ambayo wala hayakuwa yake. "Yalipotua haya ndipo zitakapotua cheche," akasema, na kwa mara ya kwanza fundi akasogea kuangalia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa naogopa moto usio wenyewe. Nilikuwa naona ukuta wa ndimi ukija kutoka bondeni. Nyumba nyingi haziungui hivyo. Zinawashwa na cheche zinazorushwa na upepo kutoka mbali, zinazoingia darini au kukaa kimya kwenye pembe yenye majani hadi zishike. Tazama picha za mji wa Paradise, California, ulioungua Novemba 2018 na watu 85 wakafa: nyumba zimebaki majivu, na katikati yake kuna miti ambayo bado imesimama na majani yake.

Kwa hiyo wavu wangu wa matundu ya hewa, niliokwisha kuununua kwa ajili ya mbu, ukakataliwa. Ulikuwa wa plastiki, unayeyuka. Anataka wa chuma, tundu lisizidi milimita 2. Na mita moja na nusu kuzunguka kuta: kokoto tupu, hakuna ua, hakuna kuni, hakuna mkeka wa mlangoni wa makumbi. Bomba la kutoka tangini liwe la chuma au lifukiwe. Pampu iwe ya injini, maana siku ya moto umeme ndio wa kwanza kukata. Gari la zimamoto lipate pa kugeuzia. Haya aliyasema akitembea, mimi naandika nyuma ya risiti.

Ingeishia hapo ningempa tano na nauli ya kurudi.

Ripoti ilichelewa wiki tatu, fundi anadai siku zake. Ilipofika, ukurasa wa 11 ulikuwa na picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea. Mimi sina bwawa. Kibaya zaidi, iliagiza niondoe mimea yote ndani ya mita 30, wakati kiwanjani alikuwa amenionyesha kwa kidole mti upi ubaki: matawi ya chini yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini, chini yake pawe safi, vilele visigusane. Ningefuata ripoti, mvua ya kwanza ingeusomba udongo wote wa ule mteremko. Nilipopiga simu aliomba radhi, akakiri kuwa ofisini wanajaza fomu iliyoandikwa zamani. Marekebisho yalikuja baada ya siku mbili, bila bwawa.

Na suala la kuondoka siku ya moto hakuligusa kabisa mpaka nilipouliza. Njia yetu ya kutokea ni moja, inapita kando ya pori hilohilo. Jibu lake lilikuwa la kweli, ila lilipaswa kuja bila kuulizwa: daraja la 29 linaipa nyumba nafasi ya kupona, halimaanishi wewe ubaki ndani. Siku ya joto kali na upepo, ondoka asubuhi, kabla hata hujaona moshi.

Ukimwita wa kwako, mwite kabla msanifu hajagusa kalamu, na mwombe aje siku ya upepo. Andika kila anachosema kiwanjani, uje ulinganishe na ripoti. Mlango wangu wa nyuma umehamishwa kutoka ile pembe. Wiki iliyopita nilimkuta fundi peke yake, amebeba mfuko wa majani, anaumwaga upande wa upepo.